Mpokezi wa Mjomba Kadiri

Kuna watu huharibikiwa na pombe, wengine na kamari, wengine na ndoa za harakaharaka. Shamimu aliharibikiwa na adabu. Mama yake alimlea Tanga kwa mkono mzito: mtu mzima akisema, mtoto anafunga mdomo, na mtoto ni mtoto hata akiota mvi. Adabu hiyo Shamimu aliivusha mpaka Ubelgiji, akazeeka nayo katika fleti ya ghorofa ya nne kule Berchem, wala haikumtia hasara kubwa mpaka mjomba wake alipokuja kuivuna.

Kwao asili ni Shundwi. Usijisumbue kukitafuta kisiwa hicho. Kiko mbali kwenye maji makubwa, na ramani chache zinazokionyesha huandika kambi ya jeshi, basi. Zamani palikuwa na watu pale, wenye minazi yao, msikiti wao na magomvi yao ya mipaka. Mwaka 1971 serikali iliyokuwa ikikishika kisiwa, moja ya hizi za Ulaya, iliamua kuwapangisha wanajeshi wa rafiki yake. Watu wakaambiwa wapande meli, wanakwenda bara kuchanjwa, wachukue nguo za kubadilisha tu. Meli ikawashusha Tanga. Wakapewa mabanda yaliyoachwa na vibarua wa mkonge, na humo wakakaa kuisubiri meli ya kurudi. Bado wanaisubiri.

Mama yake Shamimu aliondoka Shundwi akiacha kaburi ambalo udongo wake ulikuwa haujakauka, la mwanawe wa kwanza, Nassoro, aliyekufa kwa surua hajafikisha miaka miwili. Shamimu alizaliwa baadaye, mabandani, na tangu akili yake inaanza kushika mambo alijua kwamba ana kaka, kwamba kaka yuko Shundwi, na kwamba hana mtu wa kumsomea Yasini. Mama hakutaka fidia. Watu wa kila namna walimjia na habari za fidia, wenye tai na wasio na tai, akawajibu wote kitu kimoja: nipelekeni nikakae na mwanangu. Sasa alikuwa na miaka sabini na minane, na Shamimu alikuwa amemwahidi kwamba ataonana na kaburi lile kabla ya kuingia la kwake.

Nafasi ikapatikana. Mkataba wa kambi ulikuwa unakaribia kwisha, na kabla haujatiwa saini upya kamati moja ya wabunge, yenye ofisi zake jirani na kituo cha metro cha Schuman, ilikubali kuwasikiliza Washundwi. Jambo lilikuwa moja: mkataba mpya uwe na kifungu cha haki ya kurudi, au usiwe nacho. Wakili wao, Laetitia, mama wa Kibelgiji mwembamba anayetafuna karanga hata mikutanoni, hakuwaficha kitu. Washundwi wenyewe wakisema kwa kinywa chao kwamba wanataka kwao, kamati itaona haya kukiacha kifungu. Wasiposema, kimekwenda na maji.

Kiti cha shahidi kilikuwa kimoja, na kilikuwa cha Shamimu. Ndiye aliyehangaika na Laetitia miaka yote, kila alipotoka kazini. Kazi yake ilikuwa ukalimani katika hospitali moja huko Woluwe: mzee wa Bujumbura au maman wa Bukavu akishindwa kumweleza daktari panapouma, Shamimu hukaa katikati na kusema kwa Kifaransa, "Naumwa kifua," ilhali kifua chake mwenyewe ni kizima kabisa. Alikuwa hodari wa kuwasemea watu. Mara hii angejisemea mwenyewe, na alikuwa akijifanyia mazoezi bafuni.

Halafu wazee wa Tanga wakaamua kumtuma Mjomba Kadiri.

Kadiri ni mdogo wake mama, mwenyekiti wa baraza la Washundwi, mzee msafi, mpole, mwenye sauti ndogo. Shamimu alimpenda kuliko alivyompenda baba yake, ambaye alikufa mapema bila kumfundisha kitu. Mjomba ndiye aliyemfundisha kuogelea, kwa kumtupa majini Raskazone na kusimama pale akicheka. Mjomba ndiye aliyemkabili mama aliposema mwanawe haendi Ulaya kuolewa na Mrundi. Mrundi mwenyewe, Mansour, alishafariki, Mungu amrehemu, lakini fadhila ya mjomba haikuzikwa pamoja naye.

Alipompokea uwanja wa ndege alimkuta amevaa koti zito la sufu, zuri kuliko la Shamimu.

"Shikamoo mjomba. Makubwa! Koti hili Tanga unavaa wapi?"

"Marahaba mwanangu. Nimepewa," akasema, na Shamimu hakuuliza amepewa na nani, maana mtu mzima haulizwi.

Siku ya kabla ya kikao, adhuhuri, Shamimu alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Laetitia alikuja na karanga zake ili wapitie maneno ya kesho. Précieuse naye akaja, kwa kufuata harufu. Huyu alikuwa jirani wa mlango wa pili, Mkongo wa Bukavu, mwanamke mpana, mcheshi, na kazi yake ilikuwa ulinzi katika jengo lile lile la kamati. Kesho angekuwa zamu mlangoni pa ukumbi wao.

"Mwanangu," mjomba akasema baada ya kunawa, "kesho anasema nani?"

"Mimi, mjomba. Ndivyo ilivyopangwa."

Mjomba akaitazama mikono yake. "Vyema. Mpwa atasema, mjomba atakaa pembeni akimtazama. Watu mabandani wakiniuliza nitawajibu hivyo hivyo."

Hapa pana jambo la kueleza, la sivyo mtu atamwona Shamimu mjinga tu. Shundwi baraza lilikuwa likikaa ufukweni, upande wa mwamba, ambako mawimbi hayanyamazi. Na mzee wa Shundwi hapazi sauti. Kupaza sauti ni kazi ya watoto na wendawazimu. Husema neno lake taratibu, ameketi, na mtoto wa dada yake husimama kando akalinyanyua neno lile watu wote walisikie. Huyo ndiye mpokezi. Haongezi, hapunguzi, wala haulizwi maoni. Kupewa upokezi ni heshima kubwa, na watu hukumbushana mpaka leo nani alimpokea nani katika shauri gani. Hata mabandani desturi iliendelea, ingawa mawimbi yenyewe hayapo na anayeambiwa yuko umbali wa mkeka mmoja. Ndivyo walivyo Washundwi. Mtu aliyenyang'anywa kisiwa hushika kilichobaki kwa meno.

"Niache mimi niseme," mjomba akaendelea, kwa upole ule ule, "nawe unipokee. Hapa Ulaya nzima nani atanipokea kama wewe?"

Machozi yakamlenga Shamimu. Katika ukoo wao wapokezi wote walikuwa wanaume, na wengi walikuwa hawajui hata kusimama vizuri. Leo mjomba anamwomba yeye, mezani, mbele ya wageni! Akakubali kabla samaki hajapoa.

Alipomweleza Laetitia kwa Kifaransa, Laetitia akaacha kutafuna. Akamwambia waziwazi kwamba kwa sheria za kamati mkalimani si shahidi. Ukikalia kiti cha mkalimani huna sauti yako tena. Hata jengo likiungua utasubiri mtu mwingine aseme moto ndipo utafsiri. Una hakika?

Shamimu akamfasiria mjomba.

"Sauti yake ya nini?" mjomba akatabasamu. "Sauti yetu si moja?"

Wakapitia maneno. Kwamba waliondolewa kwa hadaa. Kwamba wana makaburi kule. Kwamba wanataka kurudi. Kila neno mjomba aliliitikia, naam, naam, huku akimchambua samaki miiba kwa vidole vyake vyembamba.

Précieuse alikuwa akila na kuwasikiliza. Alipoaga akamvuta Shamimu mlangoni. "Maman Shamimu, bon, mi siko avocat sawa Laetitia. Lakini kiti yako, unaipatia muntu mwingine juu ya nini?"

"Ni mjomba wangu, Précieuse."

"Hata kama. Oncle ni oncle, kiti ni kiti."

Shamimu akacheka, akamfungia samaki wa kwenda naye. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Juu ya anayelisikia hawakutuachia neno.

Asubuhi walipanda tramu kisha metro, mjomba ndani ya koti lake, Shamimu amevaa buibui jipya chini ya jaketi la mvua. Ukumbi ulikuwa wa kawaida tu, meza za mviringo, maikrofoni, chupa za maji. Wabunge walikuwa wachache, na mmoja alikuwa akisoma simu yake. Mwenyekiti wa kamati, mwanamume mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliwakaribisha kwa adabu. Laetitia akakaa nyuma yao. Mjomba akaketi, na Shamimu, ingawa aliwekewa kiti, akasimama kando yake kama inavyopasa.

Mjomba akaanza. Hakumtazama mwenyekiti wala maikrofoni; aliinamisha kichwa kidogo upande wa mpwa wake na kusema kwa sauti ambayo haingemwamsha paka.

"Mimi ni Kadiri. Nimezaliwa Shundwi."

Shamimu akalinyanyua. Alisema "nimezaliwa Shundwi" kwa Kifaransa, yeye aliyezaliwa kwenye banda la mkonge, na neno likawa tamu mdomoni mwake. Mbunge wa simu akaiweka simu chini.

"Tuliondolewa kwa kudanganywa."

Akalinyanyua.

"Mwezi wa pili mwaka huu, nilikwenda Shundwi."

Akalinyanyua hilo pia. Mdomo wake ulikuwa umezoea kazi. Ulitamka kwanza, akili ikafuata nyuma kwa kuchechemea. Alikwenda wapi? Akamgeukia mjomba akidhani mzee amechanganya maneno. Mjomba alikuwa anaitazama chupa ya maji.

Mwezi wa pili mjomba aliwaaga kwamba anakwenda Dar es Salaam kutibiwa macho. Shamimu alimpigia simu kumpa pole. Mama, na uzee wake wote, alifunga Jumatatu na Alhamisi ili macho ya mdogo wake yapone.

"Nilikuwa mgeni wa serikali. Nilipelekwa kwa ndege, nikalala kambini, nikatendewa vizuri."

Akalinyanyua. Mpokezi haongezi wala hapunguzi.

"Visima vimeingia chumvi. Minazi imekufa. Msikiti umebaki kuta mbili. Nimeona kwa macho yangu kwamba pale hapakaliki."

Macho yangu! Akalinyanyua na hilo. Nyuma yake alisikia kiti cha Laetitia kikiburutwa. Alihisi aibu, aibu ya mtu aliyevuliwa nguo hadharani na mkono aliokuwa akiubusu.

"Kwa hiyo," mjomba akasema, sasa kwa sauti ndogo zaidi, "kwa niaba ya Washundwi wote, nasema hatudai tena haki ya kurudi. Tumeridhika na ziara moja kwa mwaka kwa ajili ya wazee, na nyumba bora huko huko tuliko."

Ukumbi ukasubiri. Mwenyekiti akasubiri. Shamimu alifungua mdomo, na mdomo kwa mara ya kwanza ukamgomea.

Mpokezi ana haki moja tu, na Shamimu aliijua kwa kusimuliwa. Anaweza kulikataa neno. Akishasema silipokei, neno limeanguka, halikusemwa, na mzee aliyelisema huinuka akaenda nyumbani kwake bila kuaga. Katika maisha ya mama ilitokea mara moja, mzee mmoja alipojaribu kula minazi ya yatima, na ukoo wake haukupata mpokezi tena.

"Mjomba," Shamimu akasema kwa Kiswahili, wazi, watu wote wasikie sauti hata kama hawaelewi maana, "neno hili silipokei."

Kadiri alitikisika. Tuseme kweli: alitikisika, mabega yakamshuka ndani ya koti. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani alichoambiwa. Shamimu akasogea nusu hatua kumpa nafasi ya kuinuka.

Hakuinuka. Alikohoa, akavuta kiti mbele kidogo, akakaa vizuri.

Mwenyekiti akauliza kama mkalimani ana tatizo. Shamimu akamwambia kwa Kifaransa kwamba yeye ni Mshundwi, kwamba mama yake amezika mtoto kule, kwamba mzee huyu hakutumwa kusema aliyoyasema, na kwamba Washundwi wanataka kurudi. Alisema haraka, maneno yakikanyagana. Mwenyekiti akamsikiliza kwa upole unaoudhi kuliko matusi. Kisha akamweleza kwamba anasikitika sana, ila mkalimani hana kauli katika kikao, na maneno yake hayataingia kwenye kumbukumbu. Laetitia akasimama kupinga. Mwenyekiti akamkumbusha, kwa upole ule ule, kwamba badiliko la shahidi lililetwa asubuhi na upande wake mwenyewe.

Wakatafuta mtu mwingine, na kwa bahati mbaya alikuwepo. Kijana wa Kitanzania aitwaye Wilbroad, mwenye shati lililopigwa pasi sana, alikuwa akifanya mafunzo ya kazi kwa mbunge mmoja. Wakamwita mbele.

"Dada, sorry sana," akamnong'oneza Shamimu akipita. "Nimeombwa tu. Honestly sijui hata ni kesi gani."

Mjomba akalisema neno lake mara ya pili, na Wilbroad akalitoa kwa Kifaransa safi, kila herufi mahali pake. Mwenyekiti akamshukuru shahidi kwa ujasiri wake. Kifungu cha haki ya kurudi kikafa pale pale, kati ya chupa za maji, na mbunge yule akaichukua tena simu yake.

Précieuse alimkuta Shamimu amesimama mlangoni, amesahau jaketi lake.

"Eh, maman. Usilie apa, bazungu banaangalia. Kuya, tutoke inje kidogo."

"Alinitoa kwenye kiti," Shamimu akasema. "Alinitoa kwa kunisifu, Précieuse. Na ulinionya."

"Acha ile. Mi nilisema tu juu nilikuwa nashiba." Akamvalisha jaketi kama mtoto, akamfunga zipu mpaka kidevuni, akamsindikiza mpaka mlango wa nje, kisha akarudi kazini akigeuka nyuma kila mara.

Nje mvua ilikuwa imekatika. Watu wa ofisi walikuwa wakimiminika kwenda kula. Shamimu alisimama karibu na ngazi za metro kwa sababu hakujua aende wapi. Nyumbani kwake kulikuwa na sanduku la mjomba na mswaki wa mjomba. Alidhani atakuwa na hasira. Alichokuwa nacho kilikuwa kibaya zaidi, upweke wa mtu aliyegundua kwamba hata siku zake nzuri hazikuwa zake. Alijaribu kukumbuka Raskazone, na kicheko cha mjomba pale majini hakikumfurahisha tena.

Kadiri akaja mwenyewe, akitembea polepole pembezoni mwa ukuta.

"Umeniaibisha mbele ya watu," akasema.

"Uliniomba nikupokee kwa sababu gani?"

Basi likapita, maji ya barabarani yakaruka.

"Sema tu, mjomba. Umeshamaliza kazi yako."

"Kwa sababu ungekaa kwenye kile kiti, ungesema," Kadiri akajibu. "Nakujua."

Alau hakudanganya. Na ukweli ulipoanza kumtoka, ukatoka wote, kama gunia lililopasuka. Watu wa serikali inayokishika kisiwa walimfuata mwaka jana. Walikuwa watu wa heshima. Mwanawe Radjabu walimpa kazi kwenye meli zinazopeleka vyakula kambini, kazi ya kudumu, na yeye wakamwambia asipokubali wao watampata mwingine. Haki ya kurudi ilikuwa hadithi ya kuwalaza watoto, na yeye hakutaka kufa akisubiri hadithi. Alitaka kuona kwao. Wakampeleka.

"Siku ngapi nimekaa Tanga naitwa mkimbizi na vijana ambao nimewazidi umri hata baba zao?" akasema, na macho yake, yale mazima kabisa, yakajaa machozi. "Nilikanyaga mchanga wa Shundwi, Shamimu. Wewe hujui."

"Mimi sijui. Mama anajua. Mama alifunga kwa ajili ya macho yako."

Kadiri akafuta uso kwa kiganja.

"Ulikwenda makaburini?" Shamimu akauliza. "Ulimwona Nassoro?"

Mzee akageuza uso upande wa barabara.

"Upande ule wa makaburi wamemwaga saruji," akasema. "Wamejenga uwanja wa mpira wa kikapu. Vijana wa kambini wanacheza jioni. Hawajui, masikini. Wamewekewa benchi la kukalia. Nilikaa pale, nikawatazama wakicheza, mpaka nikaitwa kula."

"Miezi yote hii hukumwambia."

"Ningemwambiaje? Dada yangu yule! Nilijaribu. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake nikaulizia sukari." Akamshika Shamimu mkono, na mkono wake ulikuwa mwepesi na wa baridi. "Mwambie wewe. Wewe unajua kusema naye. Nipokee kwa hili moja tu mwanangu, nakuomba, sitakuomba jingine."

Shamimu alimtazama. Hii ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumtazama mtu mzima usoni mpaka mtu mzima ainamishe macho. Akautoa mkono wake taratibu, akatoa simu mfukoni, akampigia mama.

Simu haikuita sana. Mama alikuwa ameikalia tangu asubuhi.

"Shamimu? Mmeshasema? Wamesemaje?"

"Mama, mjomba yuko hapa. Ana neno lake." Akaifungulia simu spika na kumpa mjomba. Kisha akaitia mikono yake yote miwili ndani ya mifuko ya jaketi.

"Dada," Kadiri akasema, kwa ile sauti yake ndogo.

"Nani? Kadiri? Kuna kelele hapo mlipo. Sikusikii."

Kadiri akamwangalia mpwa wake. Mdomo wake ulikuwa unasubiri, kwa mazoea ya umri mzima, kwamba mtu atalinyanyua. Shamimu hakutikisika.

"Dada, mimi... mwezi wa pili..."

"Sikusikii, Kadiri! Sema!"

Na mzee wa Shundwi akapaza sauti. Akapiga kelele njiani, mchana, katikati ya watu wa ofisi wenye mikate yao mkononi, kama mtoto, kama mwendawazimu. "Nilikwenda, dada! Nilikwenda Shundwi! Sikwenda kutibiwa macho!"

Watu waliokuwa wakipanda ngazi za metro wakageuka.

"Ulimwona mwanangu?" mama akauliza.

Kadiri alikuwa akilia. Aliishika simu kwa mikono miwili mbele ya mdomo wake.

"Hakuna kaburi, dada! Wamemjengea juu! Wanacheza mpira juu yake!"

Shamimu alizijua pumzi za mama yake. Alizisikia zikikatika, alisikia kitanda cha kamba kikilia mama alipoketi, akajua kwamba kila neno limefika.

"Sikusikii," mama akasema. "Sema tena."

Akasema tena.